Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: mahakama inapouacha uamuzi uliotangulia, ieleze sababu

Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mheshimiwa Jaji Kiongozi, na Waheshimiwa Majaji wa Rufani mnaokuja Mwanza kwa vikao vya Mahakama ya Rufani,

Ninawaandikia nikiwa msaidizi wa kisheria jijini Mwanza, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ninaowahudumia ni wachuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, wajane wenye mashauri ya mirathi, na wakulima wa Magu, Sengerema na Ukerewe wanaogombea mipaka ya mashamba. Wengi wao wanazijua ngazi za mahakama kwa kuzipanda: wameanzia Mahakama ya Mwanzo au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baadhi wamefika hadi Mahakama Kuu. Swali wanaloniuliza zaidi ya yote ni kwa nini jirani mwenye jambo linalofanana na lao alishinda na wao wakashindwa, ilhali sheria ni ile ile. Jibu la kweli mara nyingi limo katika namna mahakama ilivyousoma uamuzi uliotangulia, na hiyo ndiyo sehemu ya hukumu ambayo hakuna anayewaeleza.

Msingi wenyewe unajulikana. Kwa Sura ya 358 ya sheria zetu tulipokea misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na pamoja nayo tukapokea kanuni kwamba uamuzi wa mahakama ya juu ni sheria kwa mahakama za chini. Mwaka 1988, katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, hata pale yanapoona maamuzi hayo yana kasoro. Yenyewe imejiachia nafasi: tangu shauri la Dodhia la mwaka 1970, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama ya mwisho kwa kawaida hufuata maamuzi yake, lakini inaweza kuyaacha inapoona kwamba haki inadai hivyo. Majaji wa Mahakama Kuu nao hawafungani wao kwa wao. Hukumu ya mmoja humshawishi mwenzake bila kumlazimisha. Na mahakama yoyote, hata ya chini kabisa, inaweza kusema kwamba shauri lililo mbele yake linatofautiana na lile la zamani kwa mambo ya msingi, hivyo uamuzi ule hauligusi.

Nafasi hizo ni za lazima, na siombi zifungwe. Ninaloomba ni kwamba kila mahakama inayozitumia iandike wazi kwamba imezitumia, iseme ni tofauti gani ya ukweli au ya sheria iliyoifanya iuache uamuzi uliotangulia, na iyaseme hayo kwa lugha ambayo mwenye shauri anaweza kuisoma.

Mfano bora ninaoujua wa kazi hiyo ulitolewa hapa hapa Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitoa hukumu katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya wa wilaya ya Muleba alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mtu wa ukoo wake akaenda mahakamani kwa hoja kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na ukoo, na kwa vitabu vya wakati ule ilikuwa imefuata njia iliyonyooka, kwa sababu majaji waliotangulia walikwisha kusema kwamba si kazi ya mahakama kubadili mila na kwamba mabadiliko yatoke kwa jamii yenyewe. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, shauri likaja Mwanza.

Jaji hakupita kimya juu ya maamuzi hayo ya zamani. Alieleza kilichobadilika tangu yatolewe: Tamko la Haki za Binadamu na Wajibu liliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na likaanza kutumika mahakamani mwezi Machi 1988, nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, na sheria ya mpito ya mwaka 1984 iliwaagiza majaji wazisome sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Kwa hiyo maamuzi ya zamani hayakuwa makosa kwa siku yalipotolewa. Msingi uliokuwa chini yake ndio uliohama. Mwanamke akapata haki ya kuuza kwa masharti yale yale anayopewa mwanamume, na ukoo ukabaki na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha. Huwezi kuisoma hukumu ile ukabaki na shaka juu ya kilichoachwa na kwa nini kiliachwa.

Sasa iwekeni kando ya hukumu ya mwaka 2006. Wajane wawili wa Kisukuma walifungua shauri Mahakama Kuu, wakilalamikia kanuni za mirathi za kimila zilizochapishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe na kumwacha atunzwe na watoto wake. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzibatilisha, kwa hoja kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama na kwamba mila za makabila yetu zaidi ya 120 zingefuata njia hiyo hiyo. Wajane walikata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufaa yao kwa sababu hati moja ya mahakama ilikuwa na kasoro ya tarehe, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa wanawake iliona kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao.

Ninajua kwamba mwanasheria anaweza kuzitofautisha hukumu hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa rufaa iliyotokana na mgogoro wa shamba moja. Ya pili iliiomba mahakama ifute kanuni zilizoandikwa zinazotumika katika wilaya nyingi. Ya kwanza ilihusu kuuza, ya pili kurithi. Pengine tofauti hizo zinatosha. Mimi naona hazitoshi, kwa sababu swali la msingi katika zote mbili ni kama mila inayomtenga mtu kwa jinsia yake inaweza kusimama mbele ya Ibara ya 13 ya Katiba, na Mahakama Kuu hiyo hiyo imelijibu kwa namna mbili. Lakini hata anayeona zinatosha atakubali kwamba hakimu wa Mahakama ya Mwanzo huko Misungwi, anayemsikiliza mjane aliyefukuzwa na mashemeji kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, hana mahali palipoandikwa kwa Kiswahili ni ipi kati ya hukumu hizi aifuate na mpaka wa kila moja uko wapi. Anachagua mwenyewe, na mjane wa kata ya pili anapata hakimu aliyechagua vingine. Pale Mahakama ya Rufani ilipopata nafasi ya kumaliza jambo hili, tarehe kwenye karatasi iliizuia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalowaumiza watu wetu wengi zaidi, yaani uzito wa masharti ya kiufundi. Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalikazia agizo hilo, na mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, ikiwa Mwanza, ilitoa uamuzi katika shauri la Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph. Ulikuwa mgogoro wa ardhi ulioanzia baraza la kata, na mrufani alileta hoja juu ya muundo wa baraza lile. Mahakama ilikataa kuliangusha shauri zima kwa hoja ya namna hiyo, ikasema kwamba mabaraza ya kata yaliundwa ili mwananchi apate haki kwa njia nyepesi na kwamba kasoro isiyomdhulumu mtu isiue haki yenyewe. Uamuzi ule ulipokelewa kwa furaha kubwa katika ukanda huu, na nilikuwa miongoni mwa waliofurahi.

Lakini katika mwaka ule ule Mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Kijiji cha Mondorosi, ilisema kwamba kanuni ya kutazama haki ya msingi haiwezi kutumiwa kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa mzizi wa shauri. Nayo ni kauli sahihi. Hakuna mahakama inayoweza kufanya kazi kama kila sharti linaweza kupuuzwa. Tatizo ni kwamba tangu wakati huo mawakili wamekuwa wakija na uamuzi mmoja kati ya hiyo miwili mfukoni, kila mmoja na ule unaomfaa mteja wake, na hukumu nyingi zinazofuata zinautaja mmoja na kuendelea, bila kusema kwa nini kasoro iliyo mbele ya mahakama siku hiyo ni ya mzizi au si ya mzizi. Neno “mzizi” limebaki bila kipimo.

Tazameni wajumbe wa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenyekiti, kabla hajaandika hukumu, amwombe kila mjumbe aliyekuwapo atoe maoni yake kwa maandishi, na zinaruhusu maoni hayo yawe kwa Kiswahili. Katika mfululizo wa maamuzi, mengi yakitokana na mashauri ya Mbeya, Mahakama ya Rufani imesema kwamba maoni hayo yasipotolewa na kusomwa mbele ya wadaawa, mwenendo mzima ni batili na shauri lianze upya. Ninaelewa sababu yake: wajumbe wapo ili sauti ya jamii isikike, na mwenyekiti anayewanyamazisha ameligeuza baraza kuwa la mtu mmoja. Hata hivyo anayeadhibiwa kwa kosa la mwenyekiti ni mkulima. Nimemsindikiza mama mmoja ambaye alishinda katika baraza, akashinda tena katika rufaa ya kwanza, kisha mwenendo wote ukafutwa kwa sababu ya maoni ya wajumbe, jambo ambalo mpinzani wake hakuwahi kulilalamikia hadi siku ile. Mashahidi wake wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Nilimsomea hukumu hiyo kwa kuitafsiri, na nilipofika kwenye amri ya kuanza upya, aliniuliza kama mahakama imesema shamba si lake. Haikusema hivyo, wala haikusema ni lake.

Siombi maamuzi hayo yatupwe. Ninaomba Mahakama ya Rufani, katika jopo kamili, yaani la majaji wengi kuliko kawaida, iiweke pamoja mikondo hii miwili ya maamuzi, ule wa Gichere na ule wa Mondorosi, na kutoa kipimo: ni kasoro zipi zinazobatilisha hata kama hakuna aliyeumia, ni zipi zinahitaji kuthibitishwa kwamba zimemdhulumu mtu, na ni wakati gani mpinzani aliyenyamaza tangu mwanzo amekwisha kupoteza nafasi ya kulalamika. Katika shauri la Arcopar Mahakama ilisema kwamba maamuzi yake mawili yanapogongana, utaratibu bora ni kufuata lililo jipya zaidi isipokuwa kuna sababu ya kutofanya hivyo. Kanuni hiyo husaidia pale migongano inapokuwa ya miaka tofauti. Haisaidii sana pale maamuzi mawili yanapotoka ndani ya miezi michache na kila moja linaendelea kunukuliwa kana kwamba jingine halipo.

Kwa upande wa ndoa hali ni nafuu, ingawa bado kuna la kusema. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 lilimaliza ubishi wa majaji wa Mahakama Kuu kwa kuamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kila mwanamke anayeanika dagaa au kubanika samaki ili mumewe apate mtaji wa mtumbwi analindwa na uamuzi ule. Wanaolitaja shauri hilo, hata hivyo, husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa Mahakama iliona amekwisha kuzitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya familia. Maamuzi ya baadaye yamesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Kwa hiyo uamuzi ule una sehemu mbili, kanuni na matumizi yake, na hakimu anayesoma kanuni peke yake humgawia kila mke nusu, na anayesoma matokeo peke yake humnyima mke kila kitu. Nimeona hukumu za aina zote mbili zikimtaja Bi Hawa huyo huyo.

Katika jinai nitataja shauri moja tu, la Waziri Amani la mwaka 1980, kwa sababu linagusa ziwa moja kwa moja. Mahakama ya Rufani ilionya pale kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na ikataja mambo ya kupima: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Mvuvi wa dagaa anayeporwa injini usiku wa giza huwaona waporaji kwa mwanga wa karabai au taa ya sola, mtumbwi ukiyumba, na mwanga huo ukiwa umeelekezwa majini. Mahakama inayozingatia maana ya uamuzi wa 1980 itauliza taa ilikuwa upande gani wa mtumbwi na mporaji alisimama wapi. Mahakama inayousoma kama orodha ya kujaza itaandika kwamba “kulikuwa na mwanga wa kutosha” na kumtia mtu hatiani kwa kifungo kisichopungua miaka 30, au itamwachia mhalifu kwa kuwa shahidi, ambaye hakuna aliyemuuliza, hakutaja ukali wa mwanga. Uamuzi wa mahakama si kifungu cha sheria. Unabeba sababu, na sababu hizo ndizo zinazopaswa kusafiri kutoka nchi kavu hadi majini.

Nakiri kwamba mnapoamua kulimaliza jambo, mnaweza. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa fulani, ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ililisikiliza jambo hilo ikatoa uamuzi wake mwezi Agosti mwaka huo huo, katika shauri la Dickson Sanga, ikakirudisha kifungu. Sikubaliani na matokeo yale. Lakini tangu siku ile hakuna hakimu wa Geita wala wa Tarime anayeweza kusema hajui sheria imesimama wapi, na miezi mitatu ilitosha. Mirathi ya wajane haijapata haraka ya namna hiyo.

Kuhusu lugha, njia imeshafunguliwa. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mfano wa kwanza tunaojivunia ulitoka ufukweni kwetu, Musoma, ambako Jaji Galeba aliandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili kabla hajateuliwa kuwa Jaji wa Rufani mwezi Februari 2021. Kanuni za mwaka 2022 bado zinaruhusu Kiingereza katika mahakama za juu kwa masharti, na ninaelewa kwamba hazina kubwa ya maamuzi yetu imeandikwa kwa Kiingereza na haiwezi kutafsiriwa kwa siku moja. Haihitaji kutafsiriwa yote. Tovuti ya TanzLII imekwisha kuweka maelfu ya hukumu mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma bure, na hiyo ni heshima kubwa kwa Mahakama yetu. Kilichobaki ni muhtasari wa Kiswahili wa maamuzi yale machache yanayobeba mashauri mengi ya Mahakama za Mwanzo na mabaraza ya ardhi: mirathi ya kimila, mali ya ndoa, ardhi ya kimila, utambuzi wa mshtakiwa, maoni ya wajumbe, pingamizi za awali. Kila muhtasari useme ukweli wa shauri, swali lililoamuliwa, sababu, na kile ambacho uamuzi haukukiamua. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa maamuzi mengi hupotoshwa kwa kubebeshwa swali ambalo hayakuulizwa.

Ninajua pia kwamba mabaraza ya ardhi ya wilaya kwa miaka mingi yamekuwa chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, nje ya usimamizi wenu wa kila siku. Hilo lisizuie muhtasari huo kuyafikia, kwa sababu maamuzi yenu yanawafunga wenyeviti wa mabaraza sawasawa na mahakimu, na mwenyekiti anayefungwa na uamuzi asioupata kwa wakati atarudia kosa lile lile lililofuta shauri la mama niliyemtaja.

Kwa hayo, ninaomba Mheshimiwa Jaji Mkuu utoe waraka utakaozitaka mahakama zote, pale zinapoacha au kutofautisha uamuzi uliotajwa mbele yao, ziandike aya mahsusi inayoutaja uamuzi huo na kueleza tofauti. Na hukumu hiyo ikiwa ya Kiingereza, aya hiyo iambatane na Kiswahili chake. Ninaomba Mahakama ya Rufani iitishe jopo kamili, mara shauri linalofaa litakapofika, juu ya kasoro zinazobatilisha mwenendo katika mashauri ya ardhi, na juu ya hatima ya kanuni za mirathi za mwaka 1963 mbele ya Katiba. Na shauri la mirathi likifika likiwa na kosa la tarehe, ninaomba tarehe isahihishwe na wajane wasikilizwe.

Naomba kuwasilisha.

Msaidizi wa kisheria,
Mwanza